Dansi Inayotungwa kwa Maneno: Watunzi wa Kijapani katika Darasa la Kiswahili

Wenzetu kadhaa wa idara nyingine wametuuliza, baadhi kwa utani na baadhi kwa ukali kidogo, ni kwa nini wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walionekana wakichutama na kugaagaa sakafuni katika ukumbi wa mihadhara, na kwa nini ubao wetu ulijaa majina ya Kijapani. Swali hilo ni la haki. Katika makala haya tunakusudia kulijibu, na papo hapo kueleza kosa moja tulilolifanya katika kozi hiyo, kwa kuwa bila kosa hilo pengine tusingeandika neno.

Kozi yenyewe ni Sanaa za Maonyesho. Kwa kawaida huwa tunaanza na ngoma, tunapitia majigambo, miviga na vichekesho, kisha tunaishia kwenye tamthilia. Safari hii tuliongeza wiki tatu za dansi kutoka nje ya Afrika, na tukachagua kazi za watunzi wa Japani. Hatukuzichagua kwa sababu ya ugeni wake. Tulizichagua kwa kuwa baadhi ya watunzi hao, hasa wale wa kizazi kilichoanza kujulikana mwaka 1959, waliwafundisha wachezaji wao kwa maneno. Palipokuwa na kioo katika vyumba vya mazoezi vya wengine, wao waliweka sentensi. Jambo hilo likimpita mwalimu wa lugha, amepitwa na mengi.

Tatizo la jina

Tulikwama kabla hata ya kuanza. Kitu hiki tukiite nani? Neno linalomjia kwanza Mswahili ni ngoma. Lakini ngoma ni chombo, ni mapigo, ni uchezaji, tena ni shughuli nzima inayowakutanisha watu. Katika kazi tunazozizungumzia, mara nyingi hakuna anayepiga chochote. Mchezaji anaweza kukaa dakika nyingi bila kuinua mguu, na hadhira haitarajiwi kupiga vigelegele wala kuingia uwanjani. Tukisema ngoma, mwanafunzi husubiri mdundo, na usipokuja hujiona ameibiwa. Dansi nalo lina mzigo wake. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, muziki wa dansi ni muziki wa bendi, na kwenda dansini ni kwenda kujirusha. Kucheza ndiyo kabisa: mtu hucheza mpira, bao, karata na hata na maisha yake. Mwishowe tulikubaliana kutumia dansi mamboleo, kwa kufuata mfano wa ushairi mamboleo, na mtunzi wa dansi kwa yule anayebuni na kupanga miondoko ya wengine. Hatudai kwamba istilahi hizi zimemaliza mjadala. Msomaji mwenye bora zaidi atuandikie.

Wanafunzi walifarijika kusikia kwamba Wajapani nao walihangaika na jambo hilohilo. Zamani walikuwa na neno mai kwa uchezaji wa kuzunguka na kuteleza taratibu, na odori kwa uchezaji wa kurukaruka na kukanyaga. Hawakuwa na neno moja la jumla. Mwaka 1904 Tsubouchi Shōyō, mwandishi aliyefahamika pia kwa kuzitafsiri tamthilia za Shakespeare, alilipa nguvu neno buyō, ambalo linaunganisha herufi za maneno hayo mawili. Kulikuwa pia na neno butō, lililotumika kwa dansi za kigeni za ukumbini, zile za mabwana na mabibi kushikana viuno. Neno hilo ndilo lililokuja kutekwa na Tatsumi Hijikata katika miaka ya 1960 na kupewa maana mpya kabisa. Aliita kazi yake ankoku butoh, yaani butoh ya giza totoro. Na leo, Mjapani akitaka kutaja dansi mamboleo kwa ujumla wake, husema kontenporarī dansu. Neno dansu limetoka Kiingereza kama lilivyotoka neno letu dansi, na limevishwa irabu mwishoni kwa sababu ileile. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kumbe sisi na Wajapani tumevaa shati la mtumba kutoka robota moja.

Kuku, tope na daftari

Mei 24, 1959, mjini Tokyo, Hijikata alionyesha kazi fupi iliyoitwa Kinjiki, jina alilolichukua kwenye riwaya ya Yukio Mishima. Walikuwa wachezaji wawili tu, Hijikata mwenyewe na kijana Yoshito Ohno, pamoja na kuku hai aliyebanwa katikati ya mapaja ya kijana huyo. Sehemu kubwa ilikuwa gizani. Baadhi ya waliotazama walikasirika, na Hijikata akatengana na chama cha wachezaji dansi alichokuwa mwanachama wake. Mara nyingi mwanzo wa butoh huhesabiwa kutoka usiku ule.

Hijikata alizaliwa mwaka 1928 katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa kisiwa kikuu, sehemu ya baridi, theluji na mashamba ya mpunga. Alipokuwa mtu mzima aliirudia sana nchi hiyo katika kazi zake. Alikumbuka watoto wachanga waliofungwa ndani ya vikapu na kuachwa kando ya mashamba kutwa nzima huku wazazi wakifanya kazi, hata wakitolewa jioni miguu imekufa ganzi na kusimama hawawezi. Alikumbuka wazee waliokunjwa na kilimo, magoti yamepanuka nje kama ya kaa. Wakufunzi wa baleti walikuwa wakiwafundisha Wajapani kunyoosha miguu na kurefusha shingo kama Wazungu. Hijikata alijiuliza kwa nini miguu iliyozoea tope ijione ina aibu. Wanafunzi wetu wanaotoka bonde la Bugarama, ambako mpunga hulimwa na watu huinama majini tangu alfajiri, hawakuhitaji maelezo marefu hapo.

Hapa kuna tofauti ambayo ni vyema ikaelezwa wazi. Intore wetu huchezea juu: huruka, hutikisa umugara kichwani, hukanyaga ardhi ili aiache. Bibi anayecheza umushagiriro huinua mikono kama pembe za inyambo. Mwili wa aina hiyo unajua kwamba unatazamwa, na unajivunia. Mwili wa butoh huelekea chini. Hijikata aliueleza kuwa ni kama maiti inayojikaza kufa na kupona ili isimame. Sentensi hiyo tuliiandika ubaoni siku ya kwanza bila kufikiri vya kutosha, na tutairudia.

Lakini kwa mwalimu wa lugha, jambo lenye utajiri zaidi ni daftari. Katika miaka ya 1970 Hijikata alikuwa akibandika picha za wachoraji, mathalani Francis Bacon, kwenye madaftari, na pembeni akaandika vipande vya maneno. Wakati wa mazoezi maneno hayo yalisomwa, na wachezaji, aliyesifika zaidi akiwa Yoko Ashikawa, walibadilika kwa kuyasikia. Utaratibu huu huitwa butoh-fu, na fu ni neno linalotumika hata kwa nota za muziki. Mmoja wa wanafunzi wake, Yukio Waguri, aliyakusanya aliyofundishwa na kuyatoa katika sidii ya kompyuta mwaka 1998. Zoezi moja linalofahamika sana ni la wadudu. Mchezaji anaambiwa kwamba mdudu mmoja anatambaa mkononi. Kisha wa pili yuko shingoni anateremka. Kisha wapo mgongoni, kwapani, kwenye nyayo, mpaka mwili mzima unaliwa na wadudu, na hatimaye hata miti na hewa iliyo kando inaliwa pia. Hakuna anayeambiwa inua mkono huu, zungusha kiuno kile. Anapewa sentensi, na sentensi inamfanya.

Kosa letu

Wiki ya kwanza tulionyesha video ya Sankai Juku, kundi lililoanzishwa na Ushio Amagatsu mwaka 1975. Jina lake lina maana ya karakana ya mlima na bahari. Wachezaji wake ni wanaume walionyoa vichwa, wakajipaka weupe mwili mzima, na mwendo wao ni wa pole mno. Katika kazi yao ya mwaka 1986, Unetsu, kuna yai, kuna maji na mchanga unaomiminika kutoka juu kama uzi, na kuna mtu mmoja mweupe anayelikaribia lile yai kana kwamba ana karne nzima ya kufika. Amagatsu, aliyefariki Machi 2024, alipenda kusema kwamba dansi ni mazungumzo na uvutano wa dunia. Kundi lake liliyalipia mazungumzo hayo kwa bei kubwa. Septemba 1985, mjini Seattle, wachezaji walikuwa wakiteremshwa kwa kamba nje ya jengo, vichwa chini, kamba ya Yoshiyuki Takada ikakatika, naye akafa.

Tulikuwa wahadhiri wawili darasani na tulijiandaa kueleza yote hayo. Dakika ya nne au ya tano, msichana mmoja wa mstari wa mbele alisimama akatoka. Wa pili akamfuata. Tulidhani wamechoshwa na upole wa mwendo, maana vijana wa leo wamezoea video za sekunde thelathini. Tulipomkuta nje baada ya kipindi, alituambia kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mwalimu, mimi nimeshafika Murambi.”

Kwa msomaji wa nchi nyingine tueleze. Murambi, wilayani Nyamagabe, ilikuwa shule ya ufundi iliyokuwa bado inajengwa, ambako maelfu ya watu waliuawa Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Miili mingi iliyofukuliwa baadaye ilihifadhiwa kwa chokaa na kuwekwa wazi ili dunia isiseme haikutokea. Ni myeupe. Baadhi bado ina mikono iliyoinuliwa usoni. Nasi tulikuwa tumeandika ubaoni habari za maiti inayojikaza kusimama, tukawasha video ya miili myeupe, tena katikati ya siku mia moja za maombolezo, bila kuwatahadharisha wanafunzi hata kwa sentensi moja. Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa sisi wawili.

Tulimwomba radhi, na tulikuwa tayari kuifuta sehemu ile yote ya kozi. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema hakukasirishwa na Wajapani. Alitaka tu kujua kama wao nao walikuwa wakiwaonyesha maiti wao.

Ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani, tangu makundi ya butoh yalipoanza kuzuru huko mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, wamezoea kuiona miili ile myeupe na kusema papo hapo: Hiroshima. Wasomi kadhaa wanaonya dhidi ya tafsiri hiyo ya mkato. Weupe una historia yake katika maonyesho ya Japani: waigizaji wa kabuki na geisha hujipaka weupe, na huko huitwa shironuri. Hijikata alipoieleza kazi yake alitaja Akita, upepo, tope na dada yake aliyefariki, zaidi kuliko bomu. Tukilazimisha kila mwili wa Kijapani uwe ushahidi wa Agosti 1945, tunauziba mdomo kwa kudhani tunausikiliza. Wanyarwanda tunalijua jambo hili kwa upande wa pili. Mwanafunzi wetu akienda nje na kutaja anakotoka, mazungumzo yote hugeuka kuwa mwaka 1994, hata kama alitaka kuzungumza habari za muziki au bei ya viazi.

Hata hivyo si kweli kwamba vita havimo. Vimo kwa Kazuo Ohno, baba yake yule kijana wa kuku. Ohno, aliyezaliwa Hakodate mwaka 1906, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya Kikristo ya wasichana mjini Yokohama. Alipelekwa vitani China na New Guinea, akashikwa mateka, na katika meli ya kurudi nyumbani aliona wenzake wakifa na kutoswa baharini. Baada ya vita alitunga dansi ya kiwavi wa baharini, yaani yule mnyama laini anayeelea. Hakucheza bunduki wala mlipuko. Alicheza kile alichodhani kinaelea pale walipozama.

Kazi yake inayopendwa zaidi haina vita hata kidogo. Mwaka 1929, akiwa kijana, alimwona mchezaji wa Kihispania Antonia Mercé, aliyejulikana kama La Argentina, katika ukumbi wa Tokyo. Alikaa na kumbukumbu hiyo kwa karibu miaka 50. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 71, alivaa gauni na kofia ya kike, akapaka uso weupe, akamcheza, huku Hijikata akiongoza onyesho. Ohno aliishi hadi mwaka 2010, akafikisha miaka 103, na hata miguu ilipogoma alicheza kwa mikono akiwa ameketi kitini. Tulimwonyesha yule msichana picha zake kwanza, akiwa peke yake, kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Alizitazama muda mrefu. Akasema: “Huyu anafanana na nyanya.” Tuliendelea na kozi.

Kauli ya kutendama

Wiki ya pili hatukuwasha video. Tulisema: kama watu hawa walitunga kwa maneno, sisi tuna maneno. Tuyatumie.

Wanafunzi wa sarufi wanafahamu, na aghalabu wanaichukia, ile sehemu ya minyambuliko inayohusu kauli ya kutendama na kauli ya kutendata. Huchukiwa kwa sababu viambishi hivyo havizalishi tena vitenzi vipya katika Kiswahili cha leo. Vimebaki kama mawe ya msingi ya nyumba iliyobomoka. Inama, chutama, egama, zama, kwama, tuama, gandama, angama. Upande wa pili kumbata, fumbata, pakata, nata, kunyata. Katika mtihani huwa tunauliza: bainisha kiambishi, toa mifano mitatu. Basi.

Sasa hebu vitazamwe vitenzi hivi tena. Chutama halielezi tendo la kwenda chini. Linaeleza hali ya mwili uliokwisha kufika chini na kutulia hapo. Egama si kusukuma ukuta, ni kuwa umeupa ukuta uzito wako. Fumbata ni kiganja na kitu kuwa pamoja bila nafasi kati yao. Mwili wa vitenzi hivi hauamrishi. Umewekwa, umeshikwa, umekaa. Tunathubutu kusema kwamba hilo ndilo alilokuwa akilitafuta Hijikata kwa madaftari yake: mchezaji asiyecheza, bali anayechezwa. Baleti hucheza katika kauli ya kutenda. Butoh hucheza katika kauli ya kutendwa na ya kutendama.

Wanyarwanda wana faida hapa, nayo inafaa kutajwa kwa walimu wanaolalamika kwamba lugha ya kwanza ya mwanafunzi humvuruga. Gusutama ni kuchutama, kwegama ni kuegama, kunama ni kuinama, gufumbata ni kufumbata. Wakati mwingine Kinyarwanda kimehifadhi kilichopotea kwingine: tunapohitaji maneno mawili kusema kupiga magoti, Kinyarwanda kinasema gupfukama na kumaliza. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017 tumetumia nguvu nyingi kuwaonya wanafunzi dhidi ya athari za lugha mama. Siku ile tulifurahi kuziacha zifanye kazi.

Zoezi lilikuwa hivi. Wanafunzi wawili wawili: mmoja anaandika sentensi sita, mwenzake anazipokea kwa mwili huku zikisomwa polepole. Tuliweka masharti mawili. Kwanza, hakuna amri: si inua mkono, bali mkono unainuliwa na moshi. Pili, hakuna jina la hisia: si huzuni, si hofu, si furaha. Sentensi za awali zilikuwa mbovu, na miondoko ikawa ya mazoezi ya viungo. Mmoja aliandika “kunja mkono”, mwenzake akaukunja kwa haraka kama mlango. Tulimwomba aandike tena. Akaandika kwamba mkono unakunjamana kama jani lililopata moto. Safari hii mkono ulichukua karibu dakika nzima kufika kifuani, na darasa zima likanyamaza. Mwingine akaandika: bega limeegama kwenye ukuta ambao haupo. Jaribu, msomaji, hata ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Utaona kwamba mwili unajua la kufanya kabla hujaamua.

Ndiyo hiyo siku ambayo mwenzetu wa idara nyingine alipita dirishani.

Kwa upande wa tathmini, tulipata kitu ambacho insha hazijawahi kutupa. Mwanafunzi hawezi kudanganya maana ya kitenzi ambacho mwenzake anakitekeleza mbele ya watu. Aliyedhani kupepesuka na kuyumba ni kitu kimoja aligundua mara moja kwamba la, kwa kuwa aliyepepesuka nusura aangukie meza na aliyeyumba alirudi palepale alipokuwa.

Tusije tukampotosha msomaji akadhani Japani yote ni butoh. Vizazi vilivyofuata vilikwenda njia nyingi, na wengine hawataki kabisa kuhusishwa na unga mweupe. Saburo Teshigawara, aliyeanzisha kundi la KARAS mwaka 1985, anajenga kwa mwanga, hewa na pumzi. Kila mwaka katika jiji la Yokohama hufanyika tamasha liitwalo Yokohama Dance Collection, lililoanza mwaka 1996, ambapo watunzi chipukizi huonyesha kazi fupi moja baada ya nyingine katika ghala la zamani la matofali mekundu lililo bandarini. Na yupo Toshiki Okada, ambaye ni mtunzi wa tamthilia zaidi kuliko wa dansi, lakini kwa walimu wa lugha ni hazina. Katika kazi yake ya mwaka 2004 kuhusu siku tano za Machi 2003, vita vya Iraki vilipoanza, vijana wa Tokyo wanazungumza kama vijana wanavyozungumza kweli: wanakatiza sentensi, wanarudia, wanasema “yaani” mara kumi. Wakati huohuo mikono na miguu yao inafanya mambo yasiyolingana na wanayosema, kama sote tufanyavyo tukiongea na simu. Mwaka 2005 kazi yake nyingine iliingia katika shindano la utunzi wa dansi lililodhaminiwa na Toyota, na watu wakabishana kama ile ni dansi au si dansi. Tulimpa kipindi kimoja tu, na tunajuta kwamba hakikutosha.

Mjapani, Msenegali na habari zetu

Wiki ya tatu tuliwapa wanafunzi jambo ambalo tungepaswa kuanza nalo, au pengine tusingeweza kuanza nalo. Yupo mtunzi wa Kijapani aliyeigusa habari ya Rwanda moja kwa moja. Ni Kota Yamazaki, mzaliwa wa Niigata, aliyejifunza butoh kwa Akira Kasai. Alikwenda Toubab Dialaw, kijiji cha pwani kusini mwa Dakar, kwenye shule ya dansi ya Germaine Acogny, ambaye wengi humwita mama wa dansi mamboleo ya Afrika. Kwa pamoja walitunga Fagaala, wakitumia wachezaji wa kundi la Acogny, Jant-Bi, wote wanaume. Fagaala ni neno la Kiwolofu lenye maana ya mauaji ya kimbari. Chanzo chao kilikuwa riwaya ya Boubacar Boris Diop ya mwaka 2000, ambayo jina lake linaanza na Murambi. Ilizunguka majukwaa ya nje mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji, na mwaka 2007 ikawapatia watunzi hao wawili tuzo ya Bessie mjini New York.

Mjadala ulikuwa mkali na hatukujaribu kuupooza. Wapo waliouliza: Mjapani, Wasenegali, kitabu cha Kifaransa, jina la Kiwolofu, tuzo ya Marekani, je, sisi tuko wapi? Kwa nini mwili wa Mnyarwanda haumo jukwaani? Wengine walijibu kwamba mtu wa mbali anaweza kugusa mahali ambapo mwenye kidonda hawezi kupagusa. Mmoja alisema, na tunadhani alikuwa karibu na ukweli, kwamba angemwogopa zaidi mchezaji anayeigiza kuuawa kuliko mchezaji anayeruhusu mwili wake ushikwe na kitu asichokijua jina. Sisi wahadhiri tunaegemea huko. Butoh haimwombi mchezaji ajifanye mhanga. Kwa hiyo pengine Yamazaki alikuja na zana inayomzuia mtu kusema uongo. Lakini hata zana njema haijibu swali la nani yuko jukwaani, na hatuoni sababu ya kulificha hilo.

Kuna jambo moja kuhusu Diop ambalo lilitikisa darasa kuliko tuzo yoyote. Alifika Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wengine wa Kiafrika. Baada ya kuandika riwaya ile kwa Kifaransa, aliandika riwaya kwa Kiwolofu, Doomi Golo, iliyotoka mwaka 2003, na ameeleza kwamba safari ya Rwanda ilichangia kumrudisha kwenye lugha yake. Yaani nchi yetu ilimfukuzia mtu nyumbani kwa lugha yake. Tuliwauliza wanafunzi: na wewe, ukitaka kuuelezea mwili mmoja tu, uliosimama mahali pamoja, utauelezea kwa lugha gani?

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa masharti yaleyale mawili: hakuna amri, hakuna jina la hisia. Yule msichana aliandika kuhusu nyanya yake akichambua maharagwe nyuma ya nyumba. Maharagwe mabovu yanaanguka kushoto, mazima yanatuama kwenye ungo. Kivuli cha mgomba kinampita magotini. Hakuna mahali alipotaja mwaka. Katika sentensi ya mwisho, pale bibi anapoinuka, aliandika “anasimama”, akalifuta, akaandika “anasimamishwa”, akalifuta hilo nalo, na hatimaye akaacha “anajisimamisha”. Mmoja wetu aliona neno la pili lilikuwa bora na mwingine anatetea la tatu hadi leo. Alama tulizitoa kwa kugawana tofauti.

Sehemu hii ya kozi itafundishwa tena mwaka ujao wa masomo. Imehamishiwa muhula unaoanza Septemba, mbali na siku za maombolezo, na video zitachaguliwa pamoja na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, yeye akiwa mmojawapo. Walimu wa shule za sekondari wanaotaka karatasi ya mazoezi ya sentensi sita waipitie ofisini kwetu siku yoyote ya kazi kabla ya saa tisa.